Profesa na Mteremko wa Mjomba

Profesa alikuwa akivua viatu kabla ya kuingia shambani kwa mtu. Liwe shamba lolote, hata la mihogo lililokauka na kujaa miiba. Aliviweka pembeni kama mtu anavyoviacha mlangoni pa nyumba, kisha akapiga hodi na kungoja. Mwenye shamba asipokuwepo, hakuingia. Sisi wanafunzi wake tulisimama nyuma yake na mabuti yetu mapya ya mpira, hatujui tufanye nini, mpaka mmoja akainama akaanza kuvua, na wengine tukafuata.

Na bado mtu huyohuyo aliogopa nyoka kuliko yeyote niliyewahi kumwona. Jani likitikisika tu, alikuwa ameshamkamata mkono mwanafunzi wa karibu. "Katazame, binti. Nikifa hapa nani atasahihisha mitihani yenu?"

Namwita Profesa kwa sababu ndivyo alivyoitwa na kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini mpaka watu wa kwetu Matombo, ambao walimwongezea Mama mbele. Alifundisha somo la udongo katika chuo kikuu cha umma pale Morogoro. Nilimfahamu kwanza nikiwa mwanafunzi, halafu nikiwa afisa ugani wa kata, yule ambaye wakulima bado wanamwita bibi shamba, na kila nilipokwama nilimpigia simu. Mwishoni nilikuwa mtu wa kuingia jikoni kwake bila kubisha.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na hatua zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba tulimfuata mlimani nusu tukikimbia. Alivaa suruali na juu yake akafunga kitenge, na hata siku za kwenda kuchimba mashimo alijipulizia manukato. Ukumbini hakutumia kipaza sauti. Alisema kwa sauti ya chini, nasi watu mia kadhaa tukanyamaza wenyewe ili tumsikie. Aliyechelewa hakufukuzwa. Alikaribishwa mbele kwa heshima zote, akaombwa kuwasimulia wenzake alikopitia, na wengi wetu tuliona afadhali kufukuzwa.

Somo lake la kwanza lilijulikana chuo kizima. Aliweka mezani trei mbili za udongo zilizoinamishwa, moja tupu, nyingine imeota nyasi, akamwagia zote maji kwa ndoo ya kumwagilia. Kwenye trei tupu yalishuka maji mekundu mazito kama uji wa ulezi. Kwenye ile ya nyasi yalitoka matone meupe, polepole. Hakueleza kitu. Alichukua glasi ya yale maji mekundu akaipitisha safu hadi safu, kila mmoja aishike.

"Haya," alisema, "ni mahindi ya mtu. Yameliwa na mto."

Kisha aliuliza swali ambalo hatukulitegemea kwenye somo la udongo. "Nani amekuleta hapa chuoni?"

Mmoja alisema wazazi. Mwingine akasema mkopo wa serikali. Kijana mmoja mlokole akasema Mungu, watu wakacheka, na Profesa akasema hilo ni jibu zuri lakini aendelee. Tulipoishiwa, aliegemea meza.

"Hamjamtaja mama anayenunua sabuni dukani kule milimani. Kwenye kile kipande cha sabuni kuna kodi, na kodi hiyo imejenga ukumbi huu. Yeye hajawahi kuingia humu, na pengine hataingia. Basi lazima kitoke kitu humu kiende kwake. Kama hakitoki, tumemwibia."

Wengine waliliona kuwa neno la jukwaani. Mimi sikuliona hivyo, kwa sababu mama huyo nilimjua. Alikuwa mama yangu.

Kuna watu watasema Profesa alikuwa mtakatifu, na hao hawakukaa naye. Alikuwa mvumilivu kwa udongo, angengoja misimu mitatu aone nyasi zinashikaje, lakini kwa watu hakuwa na subira hata kidogo. Alimkatiza mkuu wa kitivo katikati ya kikao. Alikata simu bila kuaga. Alikuwa mtaalamu wa mmomonyoko ambaye uwanja wa nyumba yake, kule Kilakala, haukuwa na hata unyasi mmoja. Aliufagia mwenyewe kila asubuhi mpaka ukang'aa, na mvua ikinyesha udongo wake ulishuka barabarani mbele ya majirani zake wote.

"Profesa, nyasi vipi?" jirani mmoja alimuuliza siku moja akipita.

"Nyasi zinaleta nyoka," alijibu, akaendelea kufagia.

Alitwambia mara kwa mara kwamba aliyesomeshwa na nchi hana haki ya kuikimbia. Mwanawe wa pekee alisomea uhandisi, akaenda ng'ambo kwa masomo zaidi, akabaki huko. Nilipomzoea Profesa vya kutosha nilimuuliza habari za mwanawe. Alikuwa anachambua mchicha. Akasema, "Nimefundisha watoto wa watu wengi sana. Wangu nilimwacha ajifunze mwenyewe." Lakini Jumapili mchana alikuwa hatoki nyumbani, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa saa ya mwanawe kupiga simu.

Wakati fulani aliitwa wizarani, akapewa ofisi na dereva. Tulidhani amekwenda moja kwa moja. Haukupita muda akarudi, akachukua tena chumba chake kidogo chenye mifuko ya udongo chini ya meza. Nilimuuliza kulikoni.

"Kule wananiuliza waziri aseme nini kesho. Swali halali, mtu lazima alijibu. Ila mimi nimezoea lile jingine, kwamba mvua ikinyesha itakuwaje."

Sasa nieleze habari ya mteremko, kwa sababu bila huo Profesa angebaki kuwa mwalimu hodari tu, na walimu hodari chuo kilikuwa nao.

Kwetu, upande wa Matombo, watu wanalima kwenye miinuko mikali, mahali pengine mkulima analima uso wake ukiwa karibu na udongo anaoulima. Ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Shamba letu kubwa lilisimamiwa na mjomba wangu, kaka yake mama, kwa niaba ya wote. Lilikuwa na migomba, mahindi, na chini kabisa, karibu na nyumba yake, minanasi. Kila mwaka mvua za masika zilichukua sehemu ya udongo wake.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, Profesa alikuja kijijini na mradi wa chuo wa kukata matuta ya ngazi. Haikuwa kazi rahisi kuwashawishi wazee. Enzi za wakoloni babu zao walilazimishwa kukata matuta hayohayo, wakakataa, na habari hiyo husimuliwa hadi leo. Profesa hakumlazimisha mtu. Alikuja mara nyingi, akanywa chai kwenye kila nyumba, akaeleza, akaondoka, akarudi. Hatimaye mjomba alikubali, na kwa kuwa mjomba alikubali, wengi walimfuata. Nilijivuna sana. Niliwaambia wenzangu chuoni kwamba shamba la mfano ni la kwetu.

Masika iliyofuata mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo. Alfajiri moja mteremko wote wa mjomba uliachia. Matuta, migomba, minanasi, vyote viliteremka pamoja vikaangukia jiko, na mke wa mjomba alikuwa jikoni akiwasha moto. Majirani walimfukua kwa mikono na majembe. Walimtoa akiwa hai, nyonga imevunjika.

Habari ilinifikia chuoni kwa simu ya mama. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Profesa, sijui nilitaka nini kwake. Nilisimama mlangoni nikamwambia. Aliangalia mikono yake. Kisha akauliza jambo moja tu: "Amelazwa wapi?"

Alikwenda hospitali siku hiyohiyo, na kila siku baada ya hapo. Alipeleka uji aliopika mwenyewe, uliojaa mabonge, maana Profesa kupika hakujua kabisa. Mke wa mjomba aliunywa bila kumtazama. Siku ya tatu au ya nne hivi alisema, "Mdogo wangu, ukikoroga usiache mwiko." Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia.

Barabara ilipopitika nusu, Profesa alipanda kijijini. Gari lilikwama mbali, akamalizia kwa miguu kwenye matope, yeye na mhadhiri mmoja kijana. Nami nilikuwa nyuma yao. Watu walikuwa wamekusanyika nje ya kigango, kanisa dogo la kijiji. Hakuna aliyetukaribisha viti. Mwenyekiti wa kijiji alifungua mkutano kwa maneno mafupi, na yule mhadhiri kijana akasimama haraka.

"Ndugu wananchi, kwanza poleni. Kama mnavyojua, mvua za mwaka huu hazikuwa za kawaida…"

"Kaa chini, baba," Profesa alimwambia.

Akasimama yeye. Hakuwa na karatasi.

"Shikamooni wazee. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo, lakini mvua kubwa ndiyo niliyosema matuta yatazuia. Nilikosea. Nilipima ukali wa mteremko, sikuchimba kwenda chini vya kutosha. Mwamba uko karibu sana na juu. Maji yalituama kwenye matuta, yakaingia ndani, yakafika kwenye mwamba yakakosa pa kwenda. Udongo ukalemewa, ukateleza. Bila matuta yangu pengine ungepungua kidogo kidogo kama miaka yote, lakini usingeshuka wote. Mama yule yuko hospitali kwa sababu ya kazi yangu."

Mjomba alikaa kwenye gogo, fimbo katikati ya magoti.

"Mama Profesa, Wazungu walitulazimisha, wazee wetu wakakataa. Wewe hukutulazimisha. Ulikuja ukatuomba, tukakaa na wewe, tukakubali wenyewe. Ndiyo maana inauma."

"Najua, mzee."

"Sasa tufanye nini?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka nyuma.

"Leo sijui," Profesa alisema. "Nikiwaambia leo nitakuwa nakisia tena. Naomba ruhusa nichimbe mashimo, mteremko wote, mpaka nijue."

Watu walinung'unika. Mjomba alisema ardhi ni ya ukoo, atawauliza wenyewe. Kikao cha ukoo kilikaa zaidi ya mara moja, na wengi walisema chuo kisikanyage tena. Aliyemaliza mjadala alikuwa mama yangu, ambaye kwa kawaida kwenye vikao alikuwa akisuka ukili wa mikeka tu na kusikiliza. "Wengine wamewahi kuja hapa na maneno yao, yakiharibika hatuwaoni," alisema. "Huyu amerudi. Mwacheni achimbe."

Chuoni hali ilikuwa tofauti. Wakubwa zake walimwita na kumwambia kwamba angalau angeshauriana nao kabla ya kusema maneno kama yale hadharani, kwa jina la chuo. Nilikuwa kwenye korido nikingoja saini yake, na mlango haukuwa umefungwa vizuri.

"Chuo kitaonekanaje?" mmoja aliuliza.

"Kitaonekana kama chuo," Profesa alijibu. "Tusiposema tumekosea, siku tukisema tumepata nani atatuamini? Serikali yenyewe itashika lipi?"

Alikuwa anatarajiwa kuwa mkuu wa idara. Alipewa mwingine. Hakulisema jambo hilo, ila kwa majuma kadhaa alitembea polepole, nasi tukaweza kumfikia.

Akachimba. Kiangazi kizima alikuwa kwenye ule mteremko na makundi ya wanafunzi, viatu vimeachwa kwenye njia, mwanafunzi mmoja akiwa na kazi maalumu ya kuangalia nyoka. Safari hii mashauri yake yalikuwa madogo na ya tahadhari: mistari ya nyasi ndefu za kufuata usawa wa mlima, mifereji ya kuondoa maji badala ya kuyatuamisha, migomba chini, na katikati miti ya mdalasini na mikarafuu ambayo mizizi yake inashika mbali. Sehemu ya juu kabisa aliomba isilimwe tena. Hilo lilikuwa zito. Mjomba alikuwa analima pale tangu ujana wake. Walibishana msimu mzima, wakati mwingine mpaka Profesa anaondoka bila kuaga, kama ilivyokuwa desturi yake, na kesho yake anarudi kama vile hakuna kilichotokea. Mwishowe mjomba aliiacha sehemu ile, lakini kila alipopita alisema kwa sauti, "Hapa palikuwa na mahindi mazuri sana."

Mke wa mjomba alirudi nyumbani akitembea kwa gongo, na hakuliacha mpaka mwisho. Yeye na Profesa walipatana kwa namna yao. Walikaa kwenye jiko jipya wakigombana juu ya chai, mmoja akitaka tangawizi nyingi, mwingine akidai inaua ladha. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Nilimuuliza siku moja kama amesamehe. Akanijibu, "Anakuja, nampa chai. Unataka nini zaidi?"

Tangu mwaka ule, Profesa aliwapeleka wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza Matombo. Aliwasimamisha kwenye lile kovu jekundu la mlima, akanyoosha kidole. "Hapa ndipo nilipokosea." Akawaeleza hatua kwa hatua, shimo ambalo hakulichimba, swali ambalo hakuliuliza. Niliwahi kuwa pale kama mwenyeji wakati kijana mmoja alipouliza, "Profesa, hili halikushushii heshima?"

"Wewe utakuwa afisa wa wilaya," alimjibu. "Utashauri watu wengi kuliko mimi. Nataka uwe umeona kosa linavyoonekana, usije ukapishana nalo njiani usilijue."

Siwezi kusema mlima umepona. Kuna miteremko mingine inaachia kila masika, na kuna vijiji ambavyo chuo hakijafika. Lakini ule wa mjomba umesimama. Kovu limefunikwa na midalasini, na siku za kubandua magome kijiji chote kinanukia. Kijito cha chini, ambacho zamani kikishuka mjini kilikuwa chekundu hadi kiangazi, sasa masika ikipita kinakuwa cheupe. Wanafunzi wake nimewakuta kila nilikotumwa kwenye semina, Kigoma, Songea, Mara. Huwatambui kwa vyeti. Unawatambua kwa sababu mwenyeji akiwaonyesha shamba, wanauliza kwanza chini kuna nini.

Alistaafu akabaki Kilakala, magoti yakiuma. Nilidhani atapumzika. Siku moja alinipigia simu bila salamu. "Alhamisi una nafasi? Nipeleke Kingolwira."

Kumbe alikuwa ameomba kibali cha kufundisha kwenye shamba la magereza, wafungwa waliokaribia kutoka. Hakuna aliyemtuma. Alisema hao watarudi vijijini kwao wapewe ardhi mbovu ambayo ndugu zao wameikataa, na ardhi mbovu ndiyo inayotaka mtu aliyefundishwa.

Tulifika asubuhi yenye wingu. Wafungwa walikuwa wamekaa kwenye mabenchi nje ya ghala, sare zao za rangi ya chungwa zimefuliwa, askari wawili wamesimama pembeni kwa utulivu. Profesa aliwasalimia, akataja somo la siku hiyo, namna ya kupata mstari wa usawa kwenye mteremko. Alisema sentensi mbili tatu, na sauti ikamwishia. Alikohoa, akajaribu tena, akanigeukia.

"Fundisha wewe."

"Profesa, sikujiandaa."

"Na wao hawakujiandaa. Fundisha."

Akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma katikati ya wafungwa, kati ya kijana mmoja mnene na mzee mwenye mvi. Nikasimama mbele. Nilichukua vijiti vitatu nikavifunga mfano wa herufi A, nikaning'iniza jiwe kwa uzi katikati. Niliwaonyesha kwamba miguu miwili ikiwa kwenye usawa mmoja, uzi unakaa kwenye alama ya katikati ya kijiti kilicholala, na kwamba ukitembeza kifaa hicho hatua kwa hatua ukipigilia vigingi, unapata mstari ambao maji hayawezi kuushuka kwa kasi. Niliona kama nimeeleza vizuri.

"Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu!" waliitikia kwa pamoja, kwa ile sauti ya watu waliozoea kuitikia.

Nikaanza kufungua vijiti. Ndipo nilipoona mkono umenyooshwa benchi la nyuma. Ulikuwa wa Profesa.

"Mwalimu, samahani," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Mimi hapo kwenye jiwe sijaelewa."

Watu waligeuka. Askari mmoja alitabasamu. Nilidhani ananitania, au amechoka kuliko nilivyofikiri. Kisha nikamwona yule mzee wa mvi aliyekaa ubavuni mwake. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachora kwa kidole juu ya goti lake, anachora na kufuta, anachora na kufuta.

Nikavifunga vijiti upya. Nikarudia tangu mwanzo, polepole, nikashuka nikakiweka kifaa chini mbele ya benchi lao na kukisogeza mguu mmoja baada ya mwingine, jiwe likiyumba na kutulia. Mzee alisimamisha kidole. Aliinua kichwa.

"Mwalimu," alisema, "na kule kwetu kuna upepo. Uzi ukicheza je?"

Profesa akasogea kidogo kwenye benchi, asije akamziba mzee, akaweka mikono mapajani akasubiri jibu langu pamoja naye.